Mlima Kenya kwa safari za kutwa: jibu kwa familia ya Likoni

Swali, kwa ufupi: "Assalaam aleikum, mwalimu. Sisi ni familia ya Likoni, mlima tuliouzoea ni ule mteremko wa feri. Kijana wangu wa miaka 15 amesoma shuleni habari za mabonde yaliyochongwa na barafu, na mwalimu wake akamwambia mfano mzuri uko hapa hapa Kenya, kwenye Mlima Kenya. Tangu siku hiyo hatuna raha nyumbani. Kilele hatukitaki. Twataka kutembea mchana, jioni turudi tulale kitandani. Tutakuwa mimi na mume wangu, huyo kijana, mdogo wake wa miaka 11, na mavyaa yangu ambaye ana presha lakini hakubali kuachwa. Je, yawezekana? Twende mwezi gani, tuingilie lango lipi, na hiyo barafu tutaiona?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Yawezekana, na hakuna mwezi ambao mlima umefungwa kwa watu wa aina yenu. Lakini kubalini mambo mawili kabla hamjakata tikiti. La kwanza, safari ya kutwa inayoanzia Mombasa haipo. Mtahitaji pa kufikia karibu na mlima, Nanyuki au Chogoria, na kutoka hapo ndipo mtakwenda na kurudi kila siku. La pili, barafu yenyewe hamtaigusa. Mtaiona kwa mbali asubuhi mkijaaliwa, basi. Mtakachokanyaga ni kazi iliyofanywa na barafu, na kwa kweli hiyo ndiyo aliyoisoma kijana wako.

Nianze na barafu, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Mlima Kenya ulikuwa volkano iliyozimika zamani sana, na baadaye kwa maelfu ya miaka ukafunikwa na kofia ya barafu iliyoshuka mabondeni pande zote. Barafu hiyo ilikula mlima mpaka ukabaki mfupi kuliko ulivyokuwa. Vile vilele viwili vikuu, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, ni mwamba mgumu uliogandia ndani ya koo la volkano. Majabali laini yaliyouzunguka yamekwisha, koo likabaki limesimama. Mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder alipofika Batian tarehe 13 Septemba 1899, na kati ya waliombebea mizigo walikuwamo Waswahili, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Leo mingi kati ya hiyo imekufa. Ule mkubwa kuliko yote, Lewis, ulipimwa ukaonekana umepoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na mwaka 2022 UNESCO ilitaja barafu za mwisho za Afrika, za Mlima Kenya na Kilimanjaro, kuwa miongoni mwa zile zitakazotoweka kufikia 2050.

Sasa hapa kuna mtego. Mtu hufika Nanyuki mwezi wa Aprili au Novemba, akaona mlima mweupe pepepe, akapiga picha na kutuma nyumbani kwamba barafu imerudi. Hiyo ni theluji ya jana usiku. Mvua ikinyesha huku chini, kule juu huanguka theluji, na jua la siku chache huimaliza. Mto wa barafu ni kitu kingine: ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa jiwe la maji, halafu ikaanza kuteremka polepole kwa uzito wake. Kwa hiyo mlima ukiwa mweupe sana, barafu ya kweli ndiyo imefichika. Mkitaka kuiona, iangalieni wakati wa ukavu, alfajiri, mkiwa Nanyuki au njiani kwenda lango la Sirimon: zile alama za kijivujivu zilizokwama kwenye mapengo ya majabali. Haipendezi kwenye picha. Kufika miguuni pake ni safari ya kulala mlimani siku kadhaa, na hamkuniuliza hiyo.

Mtakachotembelea ninyi ni nchi ya chini yake, kuanzia mita 3,000 kwenda juu. Na kuisoma nchi hiyo ni rahisi mno, hata huyo wa miaka 11 ataweza. Mkiwa bado kwenye gari mnapanda kutoka mji wa Chogoria, tazameni mito mnayoivuka na mabonde ya shambani: ni membamba, kingo zake zimesimama, chini hapana pa kuweka hata kitanda. Hayo yamechongwa na maji peke yake, maana barafu haikuwahi kufika huko. Endeleeni kupanda, mpite msitu, mpite mianzi, mtoke kwenye uwazi wa majani marefu. Mabonde yamebadilika. Sasa ni mapana, chini ni bapa, kingo zimeinuka pembeni kama kuta. Maji hayachimbi hivyo. Barafu nene huteremka ikiwa imeshika mawe kwa tumbo lake, na huyatumia kukuna mwamba kama mbuzi inavyokuna nazi, chini na ubavuni kwa pamoja. Mpe kijana kazi ya kuwaonyesha ni wapi hasa bonde linageuka sura. Akiipata sehemu hiyo mwenyewe hataisahau kwenye mtihani.

Cha pili cha kutazama ni matuta. Barafu inapoyeyuka huacha pale pale kila ilichobeba: mawe makubwa, changarawe, udongo, vyote vimechanganyika bila mpango, tofauti na mto ambao hupanga mchanga kwake na mawe kwake. Wenye elimu ya miamba huyaita matuta hayo moreni. Mlima Kenya una mizunguko miwili mikubwa ya moreni chini ya barafu ya leo, na wa chini kabisa uko kwenye mita 3,300. Ndiyo kusema mtu wa safari ya kutwa hufika mahali barafu ilipoishia zamani, pasipo kupanda kilele chochote. Mkiona jiwe kubwa kama matatu limekaa peke yake juu ya majani, na halifanani na mwamba uliopo chini yake, ulizeni lilifikaje. Halikuviringika.

Basi, malango. Yako kadhaa, lakini kwenu ninyi ni matatu tu ya kufikiria, na moja kati ya hayo nawaambia msilitumie.

La Naro Moru ndilo wanalouza sana mawakala, kwa sababu ni njia fupi ya kwenda kileleni. Lango liko kwenye mita 2,400 hivi, na ukitembea kilomita kama 9 unafika kituo cha Met Station, mita 3,050. Ni matembezi mazuri ya msituni, mbega wako juu ya miti, mianzi inalia kwa upepo. Lakini muda wote umefunikwa na miti! Nchi ya barafu inaanza baada ya kituo, na kuifikia ni lazima upite bwawa la matope lililosimama mteremkoni, mguu unazama mpaka kwenye kigimbi. Mtarudi jioni mmechoka, mmelowa, na mlichokwenda kukiona hamkukiona. Mwenye kutaka msitu aende. Ninyi piteni.

Sirimon ndilo lango la familia. Kutoka Nanyuki mnafuata barabara ya Meru kilomita kama 15, kisha mnaingia ndani kilomita kama 10. Lango liko mita 2,650. Upande huu wa kaskazini magharibi ni mkavu kuliko mwingine wowote, msitu wake ni mwembamba, na kwa hiyo macho yanafunguka mapema. Kutoka langoni hadi banda la Old Moses, mita 3,300, ni kilomita 9 za barabara ya udongo inayopanda taratibu, mwendo wa saa tatu au nne kwa watu wa Pwani wanaojiheshimu. Kushuka ni saa mbili. Mkifika Old Moses mapema na hakuna anayelalamika kichwa, songeni mbele kidogo tu kuelekea kwenye mabonde ya Liki, nusu saa au saa moja. Hapo ndipo nchi inapofunguka: majani ya manjano, mabonde mapana yanayopanda kuelekea vilele, na mto mdogo ambao haulingani kabisa na bonde kubwa unalopita. Hiyo nayo ni alama. Mto mdogo hauwezi kuchonga bonde kubwa vile. Umelirithi.

Chogoria ni upande wa mashariki, na ukiniuliza mimi ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za mlima huu. Ila ina masharti. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni karibu kilomita 30 za njia ya msituni, na njia hiyo ikilowa haichezewi. Acheni Probox ya shemeji mjini. Kodisheni landrova au gari jingine linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva wa pale pale Chogoria anayejua wapi pamebomoka. Lango liko karibu mita 3,000, yaani mkishuka garini tu tayari mko juu kuliko mahali popote mlipowahi kusimama. Toka hapo gari linaweza kuwasogeza hadi mwisho wa barabara, na mwendo mfupi kutoka hapo yapo maporomoko ya Nithi. Upande mwingine liko Ziwa Ellis, limetandazwa kwenye nyika ya juu, kimya, na vilele viko nyuma yake asubuhi. Wakati wa ukavu gari imara hufika karibu nalo, na kwa ajili ya mavyaa hilo ni jambo kubwa.

Na hayo maji ya Nithi, mwambie mdogo wake ayaage tu, watakutana. Nithi huingia Mutonga, Mutonga huingia Tana, na Tana humwaga baharini Kipini, pwani yetu hii hii. Maji ya upande wa Sirimon hayana bahati hiyo: huenda Ewaso Nyiro na kuishia kwenye nchi kavu ya kaskazini bila kuona bahari. Msiseme lakini kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Barafu iliyobaki ni kidogo mno kuilisha mito hiyo. Inayoilisha ni mvua na msitu unaoishika, na anayekata mti pale juu ndiye anayetupunguzia maji.

Bonde la Gorges, ambalo vitabu hulipigia mfano, liko upande huu wa Chogoria. Ndani yake chini kabisa limelala Ziwa Michaelson, ziwa lililokaa kwenye shimo ambalo barafu ililichimba, na juu yake umesimama ukuta wa mwamba uitwao Temple. Baba na kijana wanaweza kutoka mwisho wa barabara alfajiri na mapema, wakapanda na ukingo wa bonde mpaka walione lote kutoka juu, kisha warudi. Si matembezi ya kubembeleza: ni kutwa nzima kwa miguu, na mnafika karibu mita 4,000. Sharti langu ni kwamba wawe wamekwishalala nchi ya juu, kama Nanyuki au Chogoria mjini, angalau usiku tatu kabla, na kwamba atakayesema "nageuka" asibishiwe. Mama, mtoto mdogo na nyanya wabaki Ziwa Ellis na chupa ya chai. Hawatakuwa wamekosa kitu, maana huko ndiko kwenye ile mimea ya ajabu. Kuna lobelia ya juu iliyokaa chini kama kabichi kubwa, na katikati ya majani yake imeweka maji. Usiku maji hayo huganda juu na kufunika chipukizi lisife kwa baridi. Asubuhi na mapema unaweza kukuta bado kuna utando wa barafu mwembamba kama kioo cha saa, na chini yake maji. Watoto hutia kidole. Watie tu, polepole, halafu wauache mmea wenyewe.

Kuhusu mwezi wa kwenda, hamna haja ya kalenda mpya, hii yetu ya pepo inatosha. Kaskazi ikishakaa sawasawa, Januari na Februari, ndipo mlima unapokuwa mkavu na anga safi. Kusi ikiingia inaleta masika, na kuanzia katikati ya Machi hadi Mei njia ya Chogoria isahauni. Kipupwe na mwanzo wa demani, Julai mpaka Septemba, ukavu wa pili. Vuli hurudisha mvua Oktoba hadi Desemba, ikipungua kuelekea mwisho wa mwaka.

Najua shida yenu ni likizo za shule, ambazo hazikupangwa na mtu wa milimani. Aprili imeangukia masika, Agosti iko ndani ya ukavu, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka inaanza katikati ya vuli. Kama mnaweza kuchagua, chagueni Agosti. Mtaambiwa kwamba Agosti huko Meru na Chogoria ni ukungu na manyunyu tu, na ni kweli, ila ukungu ule mara nyingi hukaa chini, kwenye mashamba na msitu. Ukishaivuka mianzi unatoka juu yake na jua linakupiga. Mkikosa Agosti, basi siku za mwisho za Desemba. Na mkilazimika kwenda Aprili, nendeni Sirimon peke yake, mkajiandae kulowa.

Kinachoamua zaidi kuliko mwezi ni saa. Mlima huu una tabia ya kila siku: alfajiri uko wazi, saa nne au saa tano asubuhi mawingu yanaanza kupanda kutoka msituni, adhuhuri umefunikwa, jioni mara nyingine unafunguka tena. Anayeamka kwa starehe, akanywa chai, akafika langoni saa nne, hurudi akisema hakuna mlima. Ninyi muwe langoni saa kumi na mbili na nusu, kwenye matembezi saa moja, na saa saba mchana muwe mmeshageuka. Hata mwezi wa Novemba, anayefuata saa hizo huona vilele siku nyingi kuliko yule aliyelala, japo amekuja Februari.

Sasa miili yenu, na hapa naomba usome mara mbili. Ninyi mmezaliwa na kukulia usawa wa bahari. Kwenye mita 3,300 kila pumzi ina kama theluthi mbili ya oksijeni mliyoizoea. Mtu mzima mwenye afya huweza kupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu, usingizi wa kukatikakatika. Haitokani na unene wala uvivu, na vijana wenye nguvu huathirika sana kwa sababu hukimbia. Dawa yake ni kutokwenda haraka. Kutoka Mombasa laleni Nairobi usiku mmoja, kisha Nanyuki, ambayo tayari iko mita 1,900 na zaidi, usiku mbili kabla ya kupanda popote. Siku ya katikati msikae bure: nendeni msitu wa Ngare Ndare, upande wa kaskazini, kuna daraja la kamba juu ya miti na vidimbwi vya maji ya buluu. Tangu 2013 eneo hilo na hifadhi ya wanyama ya Lewa yameunganishwa na urithi wa dunia wa Mlima Kenya, ambao wenyewe uliorodheshwa 1997.

Mkishaanza kupanda, kichwa kikiuma, kaeni, mnywe maji, mpumzike. Kikipoa, endeleeni polepole. Kisipopoa, geukeni. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kuongea visivyoeleweka, au kukohoa na kuhema hata akiwa ameketi, hapo hakuna kupumzika tena, ni kumshusha saa hiyo hiyo. Uzuri wa mpango wenu ni kwamba kila jioni mnashuka kulala chini, na hiyo peke yake inaondoa sehemu kubwa ya hatari. Ndiyo sababu nawakataza kulala kwenye mabanda ya lango la Chogoria usiku wa kwanza, ingawa ni mazuri. Laleni mjini.

Jambo jingine ambalo mawakala wa bara hawaliulizi: siko seli, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako iko kwa wingi. Mwenye ugonjwa huo asipelekwe mlimani kabisa, maana upungufu wa oksijeni unaweza kumwamshia maumivu makali na zaidi ya hayo. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua maishani, wachache wao huumia wengu wakifika juu. Kama hamjui hali ya watoto, kipimo ni cha damu tu na hospitali nyingi Mombasa zinakifanya. Pimeni sasa, kabla hamjalipa chochote.

Baridi mtaishinda kwa fedha kidogo. Hewa hupoa kama nyuzi sita kila mnapopanda mita 1,000, kwa hiyo mchana wa Old Moses ni wa sweta, na alfajiri ni ya kila kitu mlicho nacho. Msinunue madukani Nairobi. Ingieni soko la mitumba la Kongowea asubuhi mzigo unapofunguliwa, mtafute jaketi lisilopitisha upepo, sweta za sufu, glavu, soksi nene na kofia ya kufunika masikio. Koti la mvua lisilokuwa na mzaha, kila mmoja lake. Epukeni jinzi na pamba: zikilowa hazikauki, zinanyonya joto mwilini. Kwa wewe na mavyaa, buibui refu litakokota matope na kumwangusha mtu; vaeni suruali pana ya joto na koti refu linalofika magotini, na kofia ya sufu juu ya mtandio. Viatu viwe vya kufunga na vimekwishavaliwa nyumbani wiki kadhaa. Ndara zibaki hotelini. Na mafuta ya kukinga jua, jamani. Watu wa Mombasa hudhani jua wanalijua, lakini la huko linachoma pasipo kuhisi joto.

Chakula bebeni cha kwenu. Mahamri ya jana, mayai ya kuchemsha, tende, chai ya tangawizi kwenye thamosi. Kilichokolea mafuta mengi juu huko hakishuki. Maji lita mbili kila mtu. Nanyuki chakula cha halali kinapatikana bila kuuliza sana. Kwa swala ya adhuhuri mtakuwa njiani. Kibla ni kaskazini, kama nyumbani, ila wudhu wa maji ya mto wa mlimani mtausimulia mpaka Likoni. Na tafadhali msiende Ramadhani.

Kusafiri hakuna la siri. Treni ya SGR kutoka Miritini hadi Syokimau ni saa tano au sita, na tikiti za likizo huisha mapema. Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni karibu kilomita 200, matatu ni nyingi. Mkitoka Nanyuki kwenda Chogoria mnapita Meru, mnazunguka mlima kwa kaskazini, na barabara ni ya lami. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori, kupitia eCitizen, mtandao wa serikali, langoni hawapokei pesa mkononi, na viwango hubadilika, kwa hiyo viangalieni wiki ya safari. Bebeni vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana bila ushahidi mtalipishwa kama wageni. Msiingie bila mwongozaji: KWS hairuhusu mtu kupanda peke yake, na hata kama mngekuwa kumi, msituni kuna tembo na nyati, na watoto wenu wanajua ng'ombe tu. Muulizeni mwongozaji kadi yake ya KWS, mkubaliane bei kwa siku na si kwa kichwa, na mwambieni waziwazi kwamba hamwendi kileleni. Wengine wamezoea kukimbiza watu kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, na mwendo wao hautawafaa.

Kabla ya hayo yote, Jumamosi moja wapelekeni watoto Rabai, hapo juu tu ya Mazeras. Ndiko walikokaa wamishonari Krapf na Rebmann. Rebmann alitoka hapo akaiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849. Walipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, mabingwa wa jiografia London, William Desborough Cooley akiwa mbele, walikataa katakata. Makumbusho ni madogo lakini kijana akitoka hapo atapanda Sirimon akiwa na kesi ya kuitetea.

Nimemwacha mavyaa mwisho kwa sababu jibu lake linategemea daktari, si mimi. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa haimzuii mtu kufika Nanyuki, wala kukaa garini hadi Old Moses au Ziwa Ellis kwa saa chache kisha kushuka. Presha inayopanda na kushuka ovyo, au moyo wenye tatizo, inamzuia. Mpeleke apimwe mwezi mmoja kabla, daktari aambiwe namba yenyewe, mita 3,500, sio "tunakwenda bara kidogo". Dawa zake azimeze kwa saa zile zile, na za akiba ziwe kwenye mkoba wako, si kwenye begi lililobaki hotelini. Daktari akikubali, siku ya Sirimon kodisheni gari la kupanda kwa magurudumu manne: ninyi mtembee, yeye apande na dereva polepole, mkutane Old Moses. Daktari akikataa, bado Nanyuki ina kibao cha ikweta na baraza za hoteli zinazotazama mlima. Ataona vilele saa kumi na mbili asubuhi kabla yenu, akiwa na kikombe mkononi na blanketi miguuni.